Uchaguzi wa wabunge Tanzania 1965: chama kimoja lakini mawaziri waliangushwa, ilikuwaje?

Kifaru84 #1

Wakuu habari za jioni.

Kuna kitu kinanisumbua siku nyingi na najua humu kuna wazee na wasomi. Tunaambiwa kila siku kwamba enzi za chama kimoja hakukuwa na uchaguzi, wananchi walikuwa wanaitwa kwenda kubariki majina ya wakubwa basi. Sasa mbona nikisoma habari za uchaguzi wa Septemba 1965, ule wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja, nakuta mawaziri wawili wamepigwa chini na mawaziri wadogo kadhaa wameondoka nao? Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, ndiye aliyejenga ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa tangu miaka ya hamsini, akaangushwa Mwanza, nyumbani kabisa. Bibi Titi Mohamed, Waziri Mdogo aliyezunguka nchi na Mwalimu Nyerere kutafuta wanachama wa chama cha TANU, akaangushwa Rufiji. Hao sio watu wa kubabaisha.

Alafu linganisha na 1960 ambapo vyama vilikuwa ruksa. Viti 71, TANU ikachukua 70, na wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Yani watu wengi wa nchi hii 1960 hawakumchagua mbunge, walitangaziwa. 1965 majimbo ya bara yalikuwa 107 na karibu yote watu walipanga foleni wakachagua mmoja kati ya wawili.

Madai yangu ni kwamba 1965 mwananchi wa kawaida alikuwa na nguvu juu ya mbunge wake kuliko 1960. Na swali langu ni nini hasa kiliwaangusha wale vigogo? Karibuni.

Bwana_Ndizi #2

Nimeweka mkeka hapa nasubiri wazee. Uzi wa maana sana huu.

Mzee_Manyoni #3

Kijana ahsante kwa kuuliza vizuri.

1965 nilikuwa bado mtoto wa shule, kura yangu ya kwanza nilipiga 1975, lakini mikutano ya kampeni ya 1965 naikumbuka kwasababu tulitolewa darasani kwenda kuimba. Wagombea wote wawili walikuja na gari moja, Landrover ya wilaya, wamekaa pamoja na katibu wa TANU katikati. Hakuna aliyekuja na bendera yake wala watu wake wa kushangilia. Mmoja anapewa muda wake anaongea, anakaa, mwingine anasimama, kisha maswali. Na ilikuwa marufuku kuongea kilugha, Kiswahili tu, hata kama nusu ya wazee waliokaa pale Kiswahili kilikuwa kinawapita. Marufuku kutaja kabila, dini au rangi, marufuku kusema Mwalimu ananiunga mkono mimi, na marufuku kutoa hela yako mfukoni kufanya kampeni.

Sasa fikiria waziri ametoka Dar amezoea kupokewa na ngoma, anawekwa benchi moja na mwalimu wa shule ya msingi wa pale kijijini, dakika zilezile, jukwaa lilelile. Bibi mmoja akasimama akamuuliza mbunge aliyekuwepo kisima chetu kiko wapi. Hakuwa na jibu. Kwa yule mwingine hakukuwa na swali la kisima maana hakuwahi kuahidi kitu.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Mbunge wa zamani alikuja na deni, mpya alikuja mikono mitupu.

BintiUsukuma #4

Mzee shkamoo. Nakubali kwa Manyoni lakini kwetu Mwanza stori ni pamba mzee wangu, pamba.

Babu yangu alikuwa mkulima, na hadi anafariki alikuwa anasimulia jinsi walivyoupokea ushirika, ule muungano wa vyama vya Victoria uliokuja 1955, kama kitu chao wenyewe. Mizani ya Wahindi ikaondoka ikaja mizani ya ushirika. Miaka inaenda wakaanza kuona makato yanazidi, mara ushuru huu mara mchango ule, makarani wa chama wanajenga nyumba za bati na mkulima yuko palepale. Bomani aliondoka kwenye ushirika akaenda serikalini na bahati mbaya akapewa Fedha, kwahiyo kwa mkulima wa pamba mtu wa makato ya ushirika na mtu wa kodi ya serikali wakawa mtu mmoja. We ungempa kura?

Na sio maneno ya babu tu. 1966, mwaka mmoja baada ya uchaguzi, serikali yenyewe iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao kwasababu malalamiko yalikuwa yamejaa nchi nzima. Watu walisema kwenye boksi la kura kabla kamati haijaundwa.

Msemakweli_II #5

Hapa tunapambana na historia ya kupendezesha. Ngojeni niwamwagie maji kidogo.

Kwanza, nani aliwaleta hao wawili mbele ya wananchi? Unachukua fomu, mkutano wa wilaya wa TANU unapiga kura, majina yanapanda Halmashauri Kuu ya Taifa, na Halmashauri Kuu ndiyo inateua wawili. Ni kweli mara nyingi iliwafuata wale walioongoza wilayani ila haikulazimika. Kwahiyo kabla hujapanga foleni, chujio limeshapita. Kama unaipinga TANU yenyewe hutafika popote.

Pili, hawa wawili wanashindania nini? Sera ni moja, ilani ni moja. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote wataunga mkono kilekile. Wananchi walikuwa na uwezo wa kubadilisha mtu, hawakuwa na uwezo wa kubadilisha mwelekeo. Azimio la Arusha la 1967 nani alilipigia kura? Vijiji vya ujamaa nani aliulizwa?

Tatu, Kifaru84 umesahau kusema Bomani yalimpata nini baadaye. Mwalimu alimteua kuwa mbunge na akarudi kwenye baraza la mawaziri, safari hii Uchumi na Mipango. Wananchi wa Mwanza wamesema hapana, Ikulu ikasema ndiyo. Fedha akapewa Amir Jamal. Haya niambieni nguvu ya mwananchi iko wapi.

Bwana_Ndizi #6

Msemakweli leo umeamka na panga 😂

Kifaru84 #7

Msemakweli_II hoja ya tatu nzito naikubali nitairudia. Ila hoja ya pili hainiingii. Hata leo na vyama vyote hivi mtu wa kijijini anachagua mtu wa kumsemea barabara na zahanati, wangapi wanasoma ilani? Na huyo Jamal uliyemtaja, 1965 alishinda Morogoro kwa kura za watu, Mhindi, kwa wapiga kura ambao karibu wote ni Waafrika. Derek Bryceson, mzungu, akashinda Kinondoni. Miaka saba tu nyuma, uchaguzi wa 1958, serikali ya Mwingereza ilikuwa inakulazimisha upige kura tatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, bila hivyo kura yako inaharibika. 1965 hakuna aliyelazimishwa na bado watu wakamchagua Bryceson. Hiyo kwangu ni siasa imekomaa.

Jembe_na_Nyumba #8

Jina langu humu mnaliona, huu uzi ni wangu kabisa.

Wakuu mmeongea pamba, mmeongea kisima, mmesahau alama. Karatasi ya kura ilikuwa na jembe kwa mgombea mmoja na nyumba kwa mwingine, kwasababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Chama kikasema hizi alama hazina maana yoyote. Lakini mpe mkulima achague jembe au nyumba uone. Wagombea wenye jembe walikuwa wanapanda jukwaani wanasema bila jembe hakuna nyumba, utakula nini ndani ya nyumba? Wenye nyumba nao wanajibu ukishalima unarudi wapi, shambani hulali. Mzee wangu anasema ilifika mahali watu hawataji jina la mgombea, wanasema mimi ni jembe wewe ni nyumba, hadi kwenye kilabu cha pombe.

Vijijini jembe lilikuwa na bahati yake, mkatae mkubali. Huwezi kuelezea 1965 ukaacha hilo.

Wakili_Pori #9

Jembe_na_Nyumba, hoja yako inachekesha lakini ina kasoro. Alama hizo ziliendelea kutumika 1970, 1975, 1980, 1985 mpaka 1990, na vigogo waliendelea kuanguka wakiwa na jembe na wakiwa na nyumba. Kama jembe ndilo lililokuwa linashinda wakubwa wote wangelipigania na mchezo ungeisha.

Nirudi kwa mleta uzi. Umesema 1960 TANU ilichukua 70 kati ya 71. Huyo mmoja aliyebaki ni muhimu mno kwa mada yako. Ni Mbulu. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo, watu wa Mbulu wakamtaka Herman Sarwatt, ambaye naye ni mwanachama wa TANU, akasimama kama mgombea binafsi akashinda, kisha akaingia ukumbini na kukaa na wenzake wa TANU. Yani kabla ya 1965 kulikuwa na jimbo moja lililofanya kilekile ambacho baadaye kilikuja kuwa utaratibu wa nchi: wana-TANU wawili, wananchi wanaamua. Tume ya Kawawa iliyoundwa Januari 1964 kuandaa demokrasia ya chama kimoja haikutoa hayo mawazo hewani, Mwalimu alishaona kwamba chama kikipendekeza mtu mmoja na nchi nzima ni wanachama, basi uchaguzi umeishia kwenye kikao cha ndani.

Lakini angalia kilichofuata kisheria. Katiba ya muda ya 1965 ikasema kugombea ni lazima uwe mwanachama wa TANU. Mlango aliopita Sarwatt kama mgombea binafsi ukafungwa. 1992 vyama vingi vinarudi, sheria ikasema lazima udhaminiwe na chama. Mchungaji Mtikila alienda mahakamani miaka ya tisini akashinda Mahakama Kuu, katiba ikarekebishwa kumzuia, akarudi tena akashinda tena, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa haki 2013. Kwa hiyo suala la mgombea binafsi lina miaka mingi kuliko wengi wetu humu.

Mtambile_Boy #10

Asalaam aleikum nyote.

Nawasoma tu nyinyi wa bara mnabishana jembe na nyumba. Sie Zanzibar hata hilo jembe hatukuliona. Tangu Mapinduzi ya Januari 1964 hatukupiga kura ya kuchagua wawakilishi wetu mpaka 1980 lilipoundwa Baraza la Wawakilishi. Na wabunge wa Muungano kutoka kwetu walikuwa wanateuliwa, majimbo ya Zanzibar kuchagua wabunge wao moja kwa moja ni 1985. Hiyo 1965 mnayoisifu ilikuwa ya kwenu.

Na sio kwamba hatukujua kuchagua. Sie tumepiga kura 1957, 1961 mara mbili, na 1963. Januari 1961 chama cha ASP kilishinda jimbo la Chake Chake kwa kura moja, moja tu wallahi, ASP ikapata viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) 9, chama cha ZPPP 3, na ZPPP wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Wakaongeza jimbo, Mtambile kwetu, Juni wakarudia, na siku hiyo ya uchaguzi na zilizofuata watu 68 wakauawa. 1963 ASP ikapata asilimia 54 ya kura nchi nzima lakini viti 13 kati ya 31, Hizbu 12 na ZPPP 6 wakaunda serikali. Mie naona ukitaka kujua kwa nini Mwalimu aliogopa vyama vingi bara usiangalie vitabu vya nadharia, angalia alichokiona ng'ambo ya bahari pale.

Msemakweli_II #11

Mtambile_Boy hiyo ya mwisho nimeisikia sana ila tarehe zinakataa. TANU ilishaamua mambo ya chama kimoja Januari 1963, uchaguzi wenu wa mwisho ni Julai 1963 na Mapinduzi 1964. Bara ilikuwa na sababu zake, uchaguzi wa Rais wa 1962 Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha hapa bara, alipata kura 21,276 tu dhidi ya zaidi ya milioni moja za Mwalimu. Chama cha upinzani hakikuwepo cha kuogopa.

Mtambile_Boy #12

1961 na watu 68 ilikuwa kabla ya Januari 1963 ndugu yangu. Hesabu vizuri.

Bwana_Ndizi #13

Hapo Msemakweli kapigwa mule mule. Tuendelee.

MamaTuse #14

Jamani mnazungumza habari za Bibi Titi kwenye sentensi moja mnapita. Huyu alikuwa Waziri Mdogo, kiongozi wa kina mama wa taifa, hakuna mwanamke aliyejulikana kama yeye nchi hii, na akashindwa Rufiji. Mzee_Manyoni anasema mbunge wa zamani alikuja na deni. BintiUsukuma anasema pamba. Rufiji pamba haikuwa ya kiasi cha Usukuma. Mimi nadhani tuseme wazi, mwanamke anayesimama jukwaani kushindana na mwanaume mmoja kwa mmoja, mbele ya wazee, 1965, hakuwa na uwanja sawa hata kama muda wa kuongea ulikuwa sawa. Marufuku ilikuwa kwenye kabila, dini na rangi. Jinsia haikutajwa na mtu angeweza kusema chochote.

Mama yangu mzazi aligombea udiwani miaka ya themanini huku kwetu, na swali la kwanza aliloulizwa mkutanoni ni nani anampikia mumewe. Mwenzie hakuulizwa nani anamlimia mkewe. Akashindwa.

Ndiyo maana viti maalum vikaja. Hata 1985 vilikuwa 15 tu, tumekuja kupata asilimia 30 mwaka 2005. Wanaume wengi humu mnavibeza viti maalum lakini mtazameni Bibi Titi kwanza.

Mzee_Manyoni #15

Mwanangu MamaTuse, umesema kweli, sina la kupinga. Niongeze tu kwamba Rufiji walisema pia alikuwa mtu wa Dar es Salaam zaidi kuliko wa Rufiji. Lakini Bryceson alikuwa wa wapi?

NairobiWest #16

Wadau kutoka hapa Kenya salamu. Nimefuata hii thredi na nimeona mna bahati mlikuwa na karatasi ya kura.

Sisi 1969 baada ya chama cha upinzani KPU kupigwa marufuku uchaguzi ukawa ni wa mchujo wa chama tawala KANU, ukishinda mchujo umeshakuwa mbunge, na watu walifagia wabunge kibao, hata 1974, 1979 na 1983 wengi walipelekwa nyumbani. Kwa hivyo mambo ya mawaziri kuanguka chama ikiwa moja si ya Tanzania peke yake. Tofauti yetu na nyinyi ni kwamba kwetu mgombea alitumia pesa yake, harambee kila wikendi, mwenye mfuko ndiye mheshimiwa. Halafu 1988 wakatuletea mlolongo. Unapanga laini nyuma ya picha ya mgombea wako, mchana, chifu anakuangalia, DO (mkuu wa tarafa) anakuangalia, na ukipata zaidi ya asilimia 70 unapita bila kura ya siri. Kuna mahali laini fupi ilitangazwa ndefu watu wakiwa wamesimama pale pale.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa nini iliwaangusha mawaziri wenu, nasema ni kura ya siri na kukosekana kwa pesa. Toa hizo mbili hakuna waziri anaanguka.

Kifaru84 #17

NairobiWest ahsante sana, hii ya pesa ni ya msingi. Maana kwetu ilibadilika baadaye. Baada ya 1992 ikaja takrima, Bunge likabadili sheria ya uchaguzi 2000 kuruhusu "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Miaka yote sita hiyo pilau na khanga zilikuwa halali kisheria.

DerevaWaMasafa #18

Takrima ilifutwa kwenye karatasi. Kwenye kura za maoni, yani mchujo wa ndani ya chama, jamaa bado wanazunguka na bahasha usiku. Mimi nimewahi kuendesha gari ya mgombea fulani wiki nzima, nisiseme zaidi.

Alafu 2020 si mnakumbuka watia nia walivyolia, wajumbe walikula kwa wote wakampa mmoja. Wajumbe sio watu wazuri 😂😂

Wakili_Pori #19

Hapa DerevaWaMasafa umegusa kitu bila kujua. Angalia matokeo ya majimbo baada ya vyama vingi. 1995 CCM 186 kati ya 232, CUF 24, NCCR 16, CHADEMA na UDP tatu tatu. 2005 CCM 206. 2010 upinzani ukapanda, CCM 186 kati ya 239. 2020 CCM 256 kati ya 264. Sehemu kubwa ya nchi mbunge anapatikana kwenye kura za maoni za chama tawala, na Oktoba ni kukamilisha ratiba. 1965 wilaya ilipendekeza, Halmashauri Kuu ikateua wawili, halafu WANANCHI WOTE wakaamua. Leo wajumbe wanapendekeza, vikao vya juu vinateua mmoja. Ile hatua ya wananchi wote kuchagua kati ya wana-chama wawili ndiyo iliyopotea. Kwa hiyo kwenye majimbo hayo ambako upinzani hauna nguvu, tumerudi 1960.

Msemakweli_II #20

Wakili umepanga vizuri ila unaficha sehemu moja. Hao waliochaguliwa 1965 kwa ushindani mkali walifanywa nini walipofika bungeni? Oktoba 1968 TANU ilifukuza uanachama wabunge kadhaa pamoja na Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa ameshakimbilia Uingereza. Kasella-Bantu wa Nzega alikuwemo. Ukifukuzwa chama ubunge umekwisha, hakuna kurudi kwa wapiga kura kuwauliza. 1973 Bunge likathubutu kuukataa muswada wa kodi ya mapato, Mwalimu akasema nitalivunja, wakaupitisha. 1975 katiba ikaandika wazi kwamba chama ndicho kinashika hatamu. Mbona hayo hamyasemi? Wananchi walipewa uwezo wa kuchagua mtu, alafu mtu huyo akanyimwa uwezo wa kusema. Na ukumbini alikaa na wakuu wa mikoa ambao ni wabunge kwa vyeo vyao, na wabunge wa taifa, na walioteuliwa. Wa kuchaguliwa hakuwa na sauti ya peke yake.

BintiUsukuma #21

Msemakweli hizo ni kweli zote na zinauma. Lakini unajibu swali lingine. Kifaru84 aliuliza nini kiliwaangusha, wewe unajibu je ilisaidia.

Na hata kwenye kusaidia siko na wewe asilimia mia. Babu alikuwa anasema baada ya 1965 wabunge walianza kuonekana. Anakuja, anakaa na wazee, anaulizia bei. Sababu sio upendo, ni kwamba aliona Bomani mzima ameanguka. Ile hofu ilikuwa na kazi yake.

Mzee_Manyoni #22

Hofu ilikuwepo, tena kubwa. 1975 nilipopiga kura mara ya kwanza kijana mwenzangu alikuwa msimamizi msaidizi wa kituo. Kwenye kura ya Rais kulikuwa na picha ya Mwalimu na upande wa pili kivuli cheusi, ndiyo na hapana. Hapo hapakuwa na mjadala, watu walipiga ndiyo na wengi walimaanisha. Lakini kwenye karatasi ya mbunge watu walikaa muda mrefu. Nawaona mpaka leo wazee wanaingia kwenye kile chumba cha turubai hawatoki, mpaka msimamizi anaita. Hiyo karatasi ya pili ndiyo walioiona yao.

Nasikia vijana mnasema tulikuwa tunadanganywa. Hatukuwa wajinga. Tulijua kipi tumepewa na kipi hatujapewa, tukakitumia tulichopewa mpaka mwisho.

Jembe_na_Nyumba #23

Mzee hapo umenigusa sana. Alafu 1975 mbunge wenu alikuwa jembe au nyumba?

Mzee_Manyoni #24

Nyumba. Na alishinda.

Wakili_Pori #25

😂 Jembe_na_Nyumba shikamoo yako.

Jembe_na_Nyumba #26

Jimbo moja sio nchi nzima. Leteni orodha ya washindi wote 101 wa 1965 waliopingwa, tuhesabu jembe ngapi nyumba ngapi, mimi nipo.

MwalimuMstaafu_Tabora #27

Nimechelewa kuingia lakini naona sababu moja haijatajwa kabisa.

Nani walikuwa wapiga kura? 1958 ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa. Ndiyo masharti yaliyofanya mkutano wa TANU hapa Tabora, Januari 1958, ukaribie kukipasua chama, na Mtemvu akaondoka baada yake. 1960 wakalegeza, kujua kusoma Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75. Lakini kama alivyosema mleta uzi, majimbo mengi hayakupiga kura. 1965 ndiyo mara ya kwanza kwa mkulima asiyejua kusoma, mama wa kijijini, mchungaji, kumchagua mbunge kwa kura yake. Wale mawaziri waliingia bungeni kwa wapiga kura wa aina moja, makarani, walimu, wafanyabiashara, au bila wapiga kura kabisa. Wakaenda kuomba ridhaa kwa watu wengine ambao hawajawahi kukutana nao kwenye kura. Kwangu mimi hawakupoteza kiti kwasababu ya kisima, walikuwa hawajawahi kukipata kwa wale watu.

Na hapo pamba ya BintiUsukuma inaingia vizuri, mkulima wa pamba alikuwa hajawahi kuulizwa.

BintiUsukuma #28

Mwalimu shikamoo na ahsante, hiyo imekaa sawa. Ila Bomani alikuwa anajulikana na wakulima mmoja mmoja tangu ushirika. Alikutana nao sana tu, kwenye mizani. Ndio maana mimi bado nasema pamba.

MamaTuse #29

Na Rufiji je? Bibi Titi alikutana nao kwenye kudai uhuru.

Kifaru84 #30

Wakuu nashukuru, mmenipa zaidi ya nilichouliza. Mpaka sasa nina deni la ahadi la Mzee Manyoni, pamba, alama, jinsia, kura ya siri bila pesa, na wapiga kura wapya wa MwalimuMstaafu_Tabora. Kwa nilivyosoma hakuna moja inayoeleza Mwanza, Rufiji na Kinondoni kwa pamoja. Bryceson alikuwa waziri, wa zamani, sio mwenyeji, na wapiga kura walikuwa wapya kwake pia, na akapita. Kama kuna mtu ana wazee Kinondoni waliopiga kura ile naomba awaulize.

DerevaWaMasafa #31

Bibi yangu alikuwa Magomeni miaka hiyo. Nitamuuliza Jumapili nikirudi kutoka Tunduma, ila ana msimamo wake huyo, anaweza akaniambia alipiga kura ya siri na siri ni siri.

Msemakweli_II #32

Muulize pia kama baada ya Bomani kurudishwa kwenye baraza alienda tena kupiga kura 1970.